Sahani Isiyotiwa Chumvi

Mantalisay, 9 Novemba 1987

Mdogo wangu Cadio,

Popote meli ilipokupeleka, natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala usingizi wa kutosha na umepata mtu wa kucheka naye. Sisi hatujambo. Mtoto tumempa jina Nening. Ametimiza miezi miwili na ana mashavu ya Rufo baba yake, ingawa Rufo anashikilia kwamba uso ni wa upande wetu, hasa anapolia. Ananyonya kutwa kucha, na mimi nakula kama mchukuzi wa mizigo.

Nanay hajambo. Mama yako ni yule yule unayemjua, ila siku hizi haongei sana. Kibanda cha sokoni bado anakifungua mwenyewe, bado anawagombeza wavuvi wakimletea jodari aliyelala, na kinilaw yake, samaki mbichi wa siki, bado watu wanaisubiri wamesimama. Juzi mwanamke mmoja aliyetoka mjini alimwuliza kwa nini anawakamulia samaki tunda la tabon-tabon, kwani siki na tangawizi havitoshi? Nanay akamtazama kuanzia miguuni. "Ukitaka tumbo likusokote, mama, nitakuchanganyia bila hilo tunda. Bei ni ile ile."

Lansones zilikuja nyingi kutoka kisiwani. Tulikula mpaka vidole vikanata, maganda tukayaanika tuyachome jioni kufukuza mbu, kama tulivyofanya siku zote. Siku ya Marehemu Wote tulikwenda kaburini kwa Tatay. Kwa kuwa ni mara ya kwanza tangu tumzike baba yetu mwezi wa Mei, ndugu walikuja wengi, wengine nimewasahau hata majina. Tulipeleka kaa wa tui na mishumaa. Nyumbani tukapanga chakula cha marehemu kama ada. Kila kitu kilikwenda vizuri.

Lile boksi la nyama ya kopo ulilotuma wakati wa msiba lilifika. Nanay aliyafungua makopo yote akawapa mbwa wa jirani. Nakuambia mimi ili usije ukasikia kwa mtu mwingine. Ana uchungu kwamba hukuja kumzika baba yako, na wewe unajua uchungu wake unavyokaa.

Nimekutumia kifurushi kwa mkono wa mwenzako anayerudi kazini: chupa mbili za ginamos, dagaa nimewatia chumvi na kuwachachusha mwenyewe, ngisi wakavu, na tabon-tabon nne ngumu ambazo hazitaoza njiani. Wapikie wenzako wajue ulikotoka.

Nanay hakuwa na salamu za kuandika leo. Pokea zangu, mimi dada yako ninayenuka samaki na maziwa.

Teopista


Santos, 21 Desemba 1987

Dada Teopista,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu, na nilipofika kwa yule mwanamke wa mjini nilicheka peke yangu hadi Abundio, msaidizi wangu wa jikoni, akachungulia kuona nimepatwa na nini. Hongera sana kwa Nening. Mwambie shemeji Rufo mashavu ayakubali tu, hayana kesi.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni kama la kwetu na kazi inakwenda. Nahodha anasema hajawahi kuwa na mpishi anayewafanya mabaharia wafike mezani kabla ya kengele. Naomba Nanay asomewe sentensi hiyo mara mbili.

Kifurushi kilifika salama. Jamaa walipoona ginamos walivamia kama watoto. Abundio alilia, ingawa anasema ni pilipili. Lakini nikuulize jambo dogo, Dada. Ginamos ya mwaka huu hukupunguza chumvi? Niliipata imepooza. Wengine wanasema ni kali, mimi nahisi kama natafuna karatasi iliyolowa. Tabon-tabon niliipasua nikainusa, haikuwa na harufu. Labda ni mafua tu, maana hata supu zangu nazisikia hivyo hivyo.

Tena, jambo la kuchekesha. Jioni zingine nikiwa jikoni nanusa maganda ya lansones yanaungua. Hapa hakuna lansones. Nilimwuliza Abundio kama ananusa kitu, akasema ananusa soksi zangu.

Kuhusu maziko sina la kuongeza. Nanay anajua nilikuwa wapi. Msalimie hata kama hataki.

Ni mimi mdogo wako,
Cadio


Mantalisay, 8 Februari 1988

Mdogo wangu,

Barua yako imezunguka dunia kabla ya kufika, bahasha imechakaa kama ilikuja kwa miguu. Tumefurahi kusikia uko salama. Nening ameanza kukaa, anaanguka upande wa kushoto, anainuliwa, anaanguka tena upande huo huo. Rufo alipata kazi ya kutengeneza paa la kanisa na amejipigilia kidole. Mbirimbi wa uani umezaa mpaka matawi yanalala chini, nami natia mbirimbi katika kila chungu. Rufo anasema akiona samaki wa mbirimbi tena atahamia kwa mama yake.

Swaki nao wameanza kunenepa. Wiki iliyopita maji yalipokupwa tulikwenda na Nanay miambani, tukawapasua pale pale na miiba yao ikiwa bado inacheza, tukala kwa kijiko na siki. Kulikuwa na jua zuri. Nanay alikula kidogo, kisha akakaa anaangalia bahari mpaka maji yakaanza kumfikia miguuni.

Ginamos sikupunguza chumvi, Cadio. Viganja vyangu vilipasuka kwa chumvi ile. Rufo anaila kila siku na hajalalamika, na wewe unajua Rufo hulalamika.

Hebu nenda kwa daktari bandarini. Kisha niandikie: hali hiyo ilianza lini? Kumbuka vizuri. Ilikuwa kabla ya sikukuu ya marehemu au baada yake?

Nauliza tu.

Teopista


Marsei, 19 Machi 1988

Dada,

Natumaini kidole cha shemeji kimepona na mtoto amejifunza kuanguka pande zote mbili. Huku baridi inaingia mpaka kwenye meno. Wenzangu wamenunua makoti, mimi navaa mashati matatu.

Daktari nimemwona. Amenichungulia kooni, amenipiga taa puani, akanivuta ulimi kama anapima kitambaa. Hakuona kitu. Aliniwekea chumvi ulimini akaniuliza ni nini. Nikamwambia, mchanga.

Ulisema unauliza tu. Mimi nakujua tangu ulipokuwa unanificha chini ya kitanda nisichapwe. Huulizi tu. Basi nakujibu: ilianza mwanzoni mwa Novemba. Asubuhi moja nilionja uji wa mabaharia, nikaongeza chumvi, nikaonja, nikaongeza tena. Walipokula walitema. Tangu siku hiyo napika kwa kukumbuka. Abundio ananionjea kwa siri na kunikonyeza, kukonyeza mara moja maana yake chumvi imetosha. Siku akiwa na kazi nyingine, jamaa wanakula kwa hasira. "Mpishi, leo umeoga kwenye chungu?" Ndivyo wanavyoniambia. Nacheka nao.

Hilo ningelivumilia. Kuna lingine. Kwenye zoezi la moto afisa anaita majina yetu mmoja mmoja. Mara mbili amenipita. Mara ya pili nilikuwa nimesimama mbele yake, Dada, nikamwambia, "Na mimi je?" Akashtuka, akaniomba radhi, akasema alidhani nimeteremka bandari iliyopita. Paka wa meli hulala kila kitanda isipokuwa changu. Na ile harufu ya maganda sasa ninaipata kila Ijumaa.

Sote tumekulia Mantalisay. Tunajua chakula cha nani hukosa ladha. Kwa hiyo na mimi nakuuliza, na usinipige chenga: nani ameniwekea sahani?

Cadio


Mantalisay, 6 Mei 1988

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nening aliota meno mawili pamoja na homa, halafu kulikuwa na kumbukumbu ya mwaka wa Tatay, halafu stafeli ziliiva zote kwa wakati mmoja ikabidi tuzigawe kabla hazijapasuka. Rufo amemaliza paa la kanisa na halivuji, jambo lililomshangaza padri. Shangazi wa kisiwani alituma doriani moja. Tuliila uani, majirani wakafunga madirisha.

Nimeandika hayo yote kwa sababu naogopa kufika hapa.

Ni Nanay.

Siku ya Marehemu Wote nilikuwa napanga altare. Sahani ya Tatay ilikuwa tayari, nimechota kinilaw kabla haijatiwa chumvi, maana chumvi huwafukuza na sisi tulitaka aje. Nanay akatoka chumbani ameshika ile sahani yako ya utotoni, ya bati, yenye ukingo wa buluu. Akachota na yeye, akaiweka kando ya ile ya Tatay.

"Nanay, hiyo ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Mwanao gani? Wa kiume unaye mmoja, na yuko hai. Yuko melini anapika."

"Mwana aliye hai huja kumzika baba yake."

Akawasha mshumaa, akataja jina lako lote pamoja na la ubatizo, kama wanavyotajwa wale wengine. Rufo alimchukua mtoto akatoka nje. Mimi nilisimama tu na kijiko mkononi.

Nilijiambia ni hasira, itapita. Lakini kila Ijumaa anabadilisha chakula, anachoma maganda ya lansones chini ya altare, anataja jina. Na sikiliza, Cadio, hili sijamwambia hata Rufo. Kinilaw ya Tatay huiva kama kawaida: siki inaingia, nyama inageuka nyeupe. Yako haiivi. Nimeongeza siki, nimeongeza ndimu, na kesho yake samaki ni mwekundu kama ametoka kupasuliwa sasa hivi. Paka anapita mbali. Kila Jumamosi namwaga samaki mbichi, naosha sahani yako.

Nanay anaona vizuri kuliko mimi. Haulizi kwa nini haiivi.

Unajua jinsi ilivyo: sahani ikishatajiwa jina haiondolewi na padri wala na mtu baki. Lazima iliwe na mtu wa damu, na atakayeila ndiye atakayekuwa ameandaliwa, mahali pa aliyetajwa. Sijui la kufanya. Nimemsihi, anaendelea kumenya tangawizi. Nimelia, amenipa kitambaa.

Dada yako,
Teopista


Vancouver, 2 Julai 1988

Dada Teopista,

Salamu kwa shemeji, salamu kwa Nening na meno yake. Nimekaa na barua yako kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kusema.

Nimeondolewa kwenye jiko. Nahodha alikuwa mwungwana, alisema, "Pumzika kidogo, Cadio." Sasa Abundio anapika na mimi naosha masufuria yake. Mkataba ukiisha Desemba hawatanichukua tena, na sijui nani atamchukua mpishi asiyeonja. Tangu nikiwa na kimo cha meza nilijua kazi moja tu. Nilijifunza pale kibandani, Nanay akiniwekea ncha ya kisu ulimini na kuniuliza, "Kimepungua nini?" Hakuna siku niliyojisikia mkubwa kama siku niliyomjibu, "Tangawizi," naye akasema, "Kweli."

Sasa nisikilize. Mwaka jana telegramu ilinikuta Yokohama. Nimeihifadhi kichwani, haikuwa ndefu: "Tatay amezikwa jana." Amezikwa, Dada. Haikusema anaumwa, wala haikusema njoo. Nilikwenda kwa nahodha nikiwa na begi tayari, akanisomea karatasi ile kwa sauti, akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nilitoka nikanunua nyama ya kopo, kwa kuwa duka lilikuwa mbele yangu na mikono yangu ilitaka kubeba kitu.

Wewe ulikuwa umelazwa kwa ajili ya mimba yako, sikulaumu hata kidogo. Lakini mwulize Nanay. Tatay aliugua kwa wiki tatu. Nani aliamua nijulishwe wakati kaburi limeshafukiwa?

Na ile habari ya mtu wa damu kuila, iondoe kabisa akilini mwako. Una mtoto. Ibebe hiyo sahani uitupe baharini mbali, na chakula chake. Nakuomba kwa heshima yote ya mdogo kwa mkubwa wake, usiile.

Ninakonda. Jana nilipita mbele ya kioo cha bafuni bila kujiona mpaka niliporudi nyuma. Labda ni mvuke.

Cadio


Mantalisay, 18 Septemba 1988

Cadio wangu,

Nening anatembea. Anatembea kama mlevi na anacheka akianguka. Mvua zimeanza, lansones za kwanza zimefika sokoni zikiwa bado zina utomvu. Najua hutaki habari hizo. Nakuandikia upesi, labda barua ikukute kabla hujafanya jambo lolote la kukata tamaa.

Nilifanya ulivyosema. Rufo alinipeleka kwa mtumbwi hadi nje ya miamba, nikaitupa. Tuliiona ikizama. Maji yalipojaa jioni ile, sahani ilikuwa kwenye ngazi ya kibanda cha Nanay, imekaa wima, na samaki wake ndani. Rufo anasema ni mkondo wa maji. Anasema hivyo bila kuniangalia.

Basi nikamsomea Nanay barua yako yote. Alikuwa anakwangua tabon-tabon. Nilipofika kwenye telegramu mkono wake ukasimama.

"Nani aliamua, Nanay?"

Aliweka tunda chini, akafuta vidole kwa aproni.

"Kila siku nilisema kesho atapata nafuu," akasema. "Nilisema kijana yuko kazini, asivunje mkataba kwa homa ya mzee. Na baba yenu alikuwa anamwulizia. Nikamdanganya kwamba nimeshamwita, yuko njiani."

"Kwa hiyo ulijua hakuwa na namna ya kufika."

"Nilijua."

"Na bado ukamwekea sahani?"

"Kama kosa si lake," akasema, "ni la nani?"

Nilimkasirikia, Cadio. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake.

Siku ya Msalaba Mtakatifu alikwenda misa. Nikabaki peke yangu na mtoto amelala. Nikaiteremsha ile sahani, nikakaa nayo mezani. Ulinikataza, najua. Nilichukua kipande kwa vidole, chekundu, cha baridi, nikakifikisha mdomoni. Sikuweza. Nikakirudisha, nikakichukua tena. Ndivyo alivyonikuta.

Alivua kitambaa chake cha kanisani akakikunja. Akanishika mkono akaufuta kwa aproni kama nilipokuwa mdogo.

"Toka hapo," akasema. "Una mtoto anayenyonya."

Akakaa mahali pangu. Nilimzuia, akanisukuma kwa kiwiko, unakijua kiwiko chake. Akala kama mteja yeyote wa kibandani, kipande baada ya kipande, hana haraka. Alipomaliza akafuta siki kwa kidole akakilamba. Kisha akakunja uso.

"Imekosa chumvi," akasema, kama anamlalamikia mpishi.

Tangu siku hiyo chakula hakina ladha kwake. Jana alitia chumvi mara mbili kwenye kinilaw ya wateja. Walikula yote, wakalipa, hakuna aliyesema kitu. Watu wa hapa wanaelewa haraka.

Ananiomba nikuandikie uje. Hakusema zaidi ya hilo, lakini alilisema yeye kwanza, kabla sijamwuliza.

Teopista


Durban, 27 Septemba 1988

Dada Dada Dada,

Sina salamu za kupanga leo, zichukue zote kwa pamoja na uwagawie. Ngoja nikuambie.

Siku ya Msalaba Mtakatifu tulikuwa katikati ya bahari, nami nasugua sufuria la mchuzi lililoungua, kazi ya Abundio, anaunguza kila kitu yule mtu. Jikoni kulikuwa na joto. Jasho likanitiririka usoni, likafika mdomoni. Lilikuwa na chumvi.

Nilisimama. Nikalamba mkono, chumvi. Nikafungua kabati, chupa yako ya mwisho ya ginamos ilikuwa huko nyuma, nikaichota kwa kijiko. Dada, ilikuwa kali kama kofi. Niliila huku nalia mpaka Abundio akaninyang'anya chupa akidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia mchuzi wake umekosa tangawizi. Akanikumbatia na mikono yake ya mafuta.

Nimerudishwa jikoni. Kwenye zoezi la moto jina langu limeitwa la kwanza. Paka amelala miguuni pangu jana, na ananuka vibaya, na sikumfukuza.

Sijui umefanya nini. Barua yako ya mwisho kunifikia ni ile ya Mei. Labda Nanay amelainika, labda ameiondoa mwenyewe kwa njia anayoijua yeye. Mwambie sina kinyongo. Mwambie kuhusu telegramu yaishe, sitaki tena kujua. Desemba nakuja. Anitengenezee kinilaw kwa mkono wake, yenye chumvi, na aniwekee ncha ya kisu ulimini aniulize kimepungua nini. Mwambie safari hii nitamjibu tena.

Mdogo wako anayeonja,
Cadio


Mantalisay, 29 Oktoba 1988

Mdogo wangu,

Telegramu niliyotuma kwa wakala wa meli itakuwa imekufikia kabla ya barua hii. Kwa hiyo unajua. Safari hii niliipeleka saa ile ile, na nikasimama mbele ya karani mpaka alipoituma.

Barua yako ya furaha ilifika Nanay akiwa hai. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Alikuwa haondoki kitandani. Hakuwa na ugonjwa ambao daktari angeweza kuutaja, alikuwa anapungua tu. Nilimletea swaki, nikamletea kaa wa tui, akala vijiko viwili kunipendeza mimi. "Vizuri," alikuwa anasema, na alikuwa anadanganya.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye jasho akainua kidole nirudie. Nikarudia. Akanifanya nirudie mara nyingi, na kila mara aliyafuata maneno kwa midomo. Ulipomwambia Abundio mchuzi umekosa tangawizi, alicheka kwa sauti, Cadio, ile ya zamani ya sokoni, hata Nening akaja mbio kuona.

"Kweli," akasema.

Alifariki siku mbili baadaye, alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu. Tumemzika kando ya Tatay. Watu wa soko walifunga vibanda vyote. Yule mwanamke wa mjini naye alikuja.

Mwanzoni nilikuwa nataka kukuficha habari ya sahani, uishi kwa raha. Lakini barua yangu ya Septemba nayo iko njiani, itakufikia tu, na nyumba hii imechoka na mambo yanayofichwa. Alijua anachokula. Usijibebeshe. Deni hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Novena ya siku tisa inaendelea. Mwanzoni mwa Desemba itakuwa arobaini yake, na ndiyo siku ya kumwekea sahani. Sahani yenyewe nimeshaichagua, ile yako ya ukingo wa buluu, maana yeye ndiye aliyekula humo. Nimeiosha nikaiweka kabatini. Chakula sijui nipike mimi au nikungoje. Mimi naweza kukata samaki na kukamua tabon-tabon, lakini mkono wake alikuachia wewe.

Dada yako,
Teopista


Singapuri, 17 Novemba 1988

Dada Teopista,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya Septemba na ya Oktoba. Nilianza na ya Septemba.

Nimeshuka melini. Nahodha alisaini bila kuuliza. Abundio amebaki na jiko langu na paka. Nasubiri chombo cha kwenda Cebu, kutoka hapo nitafika kwa njia yoyote, na barua hii nampa baharia anayenitangulia kwa ndege ili usipike kabla sijafika.

Naomba uniandalie hivi. Jodari atoke kwa wavuvi asubuhi ile ile, mguse jicho, usimwamini anayekuambia ni wa leo. Siki ya nazi, ya mtungi wa kibandani, usinunue ya chupa. Tangawizi changa. Tabon-tabon usiipasue, nitaipasua mimi.

Najua chakula cha marehemu hakionjwi na mpishi. Usiwe na wasiwasi kwamba nitakosea. Miezi mingi nimepika bila kuonja.

Na chumvi itoe kabisa jikoni, hata iliyo kwenye kikombe cha mezani. Nataka aje.

Cadio